Breki za Kushukia Haneti

Asinidanganye mtu kuhusu breki. Mimi nimeshuka mlima wa zahanati ya Haneti kwenye keria ya baiskeli isiyo na breki tangu nikiwa msichana, na meno yangu ninayo yote, isipokuwa gego moja ambalo lilitoboka lenyewe. Kwa hiyo siku Nurdini fundi baiskeli aliponiambia eti breki ni breki, zote zinasimamisha, nilimwambia akanywe maji kwanza ndipo tuzungumze.

"Haya, Mama Devota," akasema huku anajifuta mikono. "Niambie basi, unataka breki ya namna gani?"

"Nikiigusa kidogo ipunguze kidogo. Nikiibana isimame. Isiniume vidole. Na iweze kusimamisha watu wazima wawili kwenye mteremko."

"Wawili? Wewe na nani?"

"Na Baba Devota."

Nurdini akaweka spana chini. Duka lake liko hapa hapa Chang'ombe, nyuma ya mashine ya kusaga, na baiskeli za mtumba amezining'iniza ukutani mpaka unapita umeinama. Yeye ni Mnyamwezi wa hapa mjini, babu wa babu yake alikuja na misafara ya pembe za ndovu akachoka, akaoa, akabaki. Mimi ni Mgogo. Kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hana adabu. Anaweza kukukamatia kuku wako mchana kweupe na wewe ukacheka.

"Wagogo na breki wapi na wapi?" akasema. "Nyie mmezoea punda, na punda husimama mwenyewe akichoka. Sasa sikiliza. Mkianguka huko, mimi ndiye nitakayekuja msibani kuwachekesha watu. Nitalala kwenye kaburi lako nikidai chai. Umeyataka mwenyewe?"

"Nimeyataka mwenyewe."

Akanitazama, akaona sitanii. Ndipo akavuta stuli akaniambia nikae, nikamweleza yote.

Mume wangu Joel anasahau. Sisemi anasahau funguo, funguo hata mimi nasahau. Joel amesahau miaka. Ilianza pole pole, akawa anauliza jambo lile lile, halafu akasahau kwamba amestaafu useremala, halafu akasahau kwamba Devota ni binti yetu. Mwili wake ni mzima, mikono yake ingali na nguvu za randa na msumeno, lakini ndani ya kichwa chake yeye ni kijana. Anaamka, ananikuta jikoni, anasimama mlangoni kwa heshima zote na kuniambia, "Shikamoo, mama."

Mume wangu, ananiamkia! Mara ya kwanza nilimfokea. Nikamwambia mama yako ni nani, mimi mkeo! Akaogopa, akatoka nje akakaa kwenye tofali. Roho iliniuma vibaya sana. Tangu siku hiyo akiniamkia naitika marahaba, namwekea uji wake, naenda kulia chooni.

Na kila jua likipinda, anavaa katambuga zake, zile ndala nzito za matairi, anachukua kofia, anaelekea getini. Ukimuuliza unakwenda wapi, anajibu, "Haneti. Namfuata Raheli."

Raheli ni mimi.

Ngoja niwaeleze, maana ndilo jambo lenyewe. Nilipomaliza uuguzi nilipangiwa zahanati ya Haneti, ile ya zamani iliyokuwa juu mlimani, kabla hawajajenga nyingine huku chini. Joel alikuwa seremala kijana kutoka Kongwa, aliletwa kutengeneza vitanda vya wagonjwa. Vitanda viliisha, yeye hakuondoka. Kila Jumamosi alasiri alipanda mlima anasukuma baiskeli yake nyeusi kuja kunichukua, nishuke kijijini kwa mazoezi ya kwaya. Na kila Jumamosi asubuhi aliiosha baiskeli ile na kuipaka mafuta ya karanga yaliyotoka kwa mama yake Kongwa. Aliipaka yote, kuanzia kengele, usukani, fremu, spoku moja moja, mpaka inang'aa unajiona. Mafundi walimwambia mafuta ya kula yanavuta vumbi, kijana, unaiua baiskeli. Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alisema Raheli hawezi kupanda kitu kichafu. Ndivyo alivyonitongoza, jamani, wala hakuniandikia barua hata moja. Nilikuwa naisikia harufu ya karanga kabla sijaisikia kengele, na moyo unaniruka.

Breki sasa! Breki zake zilikuwa za vyuma virefu kutoka kwenye usukani mpaka kwenye magurudumu, na raba mbili zilizolika hata hazikumbuki kazi yake. Ukizibana zinalia, baiskeli inaendelea na safari. Joel alikuwa ametoa madigadi ya nyuma, ile kinga ya matope, makusudi. Mimi nakaa kwenye keria nimetanua miguu, yeye yuko mbele na usukani, tunaachia. Upepo unajaa kwenye gauni langu la kazi, mbuzi wanakimbia, na tukikaribia ile kona yenye mwamba Joel anapiga kelele, "Raheli, mguu!" Nami nakandamiza soli ya katambuga kwenye tairi la nyuma kwa nguvu zangu zote. Moshi unatoka, tunasimama pembeni ya mwamba, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Breki ya baiskeli ile ilikuwa ni mimi.

Sasa mwanamume huyo anatoka kila siku kwenda kumtafuta Raheli, na Raheli amesimama mbele yake na kanga kiunoni. Nilitaka aniite jina langu. Mara moja tu. Sikuwa na tamaa ya kwamba atapona, mimi nimekuwa muuguzi, najua. Nilitaka kabla hajaondoka kabisa aniite mara moja Raheli, ajue amenipata. Nikawaza, hapa Chang'ombe hatanipata. Raheli anayemtafuta yuko kwenye ule mteremko, kwenye baiskeli.

Devota alipopata habari alikuja kutoka kazini hata viatu hakuvua. "Mama, una vidole vya baridi yabisi, hata kifuniko cha chupa unaniitia mimi. Umbebe baba mlimani kwa baiskeli? Kama ni Haneti twendeni na gari."

"Baba yako hakuwahi kumfuata Raheli kwa gari."

"Bodaboda basi."

Bodaboda tulishajaribu. Aliruka ikiwa inatembea, akachubuka magoti. Devota ndipo akavua viatu. Halafu akasema, "Basi angalau tafuta breki za maana." Mtoto huyo ana akili, amenirithi mimi.

Ndiyo maana nilikuwa dukani kwa Nurdini. Alinitolea baiskeli tatu, zote zile za milimani zenye matairi ya kashata, akanipeleka kwenye mteremko mfupi wa kwenda korongoni.

Ya kwanza ilikuwa na breki za raba, zile zinazobana rimu huku na huku. Nikapanda Nurdini akiwa nyuma kwenye keria. Nikabana. Ikapungua, ndiyo, lakini ilibidi nikamue kwa vidole vyote kama ninakamua nguo nzito, na maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Tulisimama miguu ikiwa kwenye mchanga wa korongo.

"Hii ya vijana," nikasema.

Ya pili ilikuwa na diski. Katikati ya kila gurudumu kuna sahani nyembamba ya chuma yenye matundu, na pembeni yake kuna kidude chenye pedi mbili zinazoibana sahani ile. Hii ilivutwa na waya. Ilikuwa na nguvu, siwezi kuisingizia. Ilisimamisha. Tatizo lake ni ukaidi. Unavuta, huoni kitu, unavuta tena, bado, mara inakamata kwa hasira na Nurdini akanigonga mgongoni kwa paji la uso. Nilimwambia hiyo ni breki ya mtu mwenye kinyongo, ananyamaza wiki nzima halafu anavunja sahani.

"Basi hii ya tatu ndiyo haina kinyongo," akasema Nurdini. "Nayo ni diski, lakini haina waya. Haidroliki. Kwenye hili bomba kuna mafuta yamefungiwa, ukisukuma huku yanasukuma kule. Tumia kidole kimoja."

"Kimoja!"

"Kimoja, Mgogo wewe. Vingine shikia usukani."

Nikashuka. Nikaweka kidole cha shahada kwenye mkono wa breki, nikagusa tu. Jamani. Nilihisi pedi zinagusa sahani, kabisa nilizihisi, kama unapoweka mkono kwenye tumbo la mjamzito na mtoto anasogea. Nikaongeza kidogo, ikaongeza kidogo. Nikalegeza, ikalegeza. Kidole hakikuuma. Nilisimama mahali nilipotaka kusimama, juu ya kivuli cha mkaratusi, si mbele si nyuma. Nikabaki nimesimama pale machozi yananitoka, na Nurdini, mtani asiye na adabu, akanishikia baiskeli.

Nilikuwa nawaza tungekuwa na hii wakati ule. Halafu nikawaza tungekuwa nayo, Joel asingekuwa na haja ya kuita jina langu kwenye kona.

Nurdini akaniuliza ile kengele ya baiskeli ya zamani bado ninayo? Ninayo. Baiskeli yenyewe tulimpa katekista zamani, lakini kengele niliitoa nikaiweka kabatini. Nikaifuata nyumbani, akaifunga kwenye usukani wa hii mpya. Wakati anafunga akaniambia jambo moja, na alilisema mara mbili ili linikae. "Hizi sahani usiziguse na mafuta. Hata kidole kilichokula sambusa. Zikila mafuta hazishiki tena." Kesho yake alikuja kwangu akachukua jogoo wangu mwekundu bandani, akasema hiyo ni haki ya mtani, akaondoka naye anaimba.

Baiskeli niliipeleka nyumbani siku ile ile. Joel aliisikia kengele kabla hajaiona. Akatoka mbio, akaizunguka, akaipapasa, akaipiga kengele mwenyewe, kring. Tabasamu nililoliona siku ile sijaliona tangu Devota anaolewa. "Baiskeli yangu," akasema. "Ilikuwa wapi?"

Jumamosi tukaondoka. Nurdini alikuwa na mpwa wake mwenye kenta, lori dogo la kubeba alizeti kutoka Haneti, akakubali kutupeleka sisi, Nurdini na baiskeli yetu mpaka kwenye magofu ya zahanati. Asubuhi nilipotoka kuoga nilimkuta Joel uani na kitambaa, amechuchumaa, anaisugua baiskeli. Usukani unang'aa. Kengele inang'aa. Nikasimama mlangoni na taulo langu kichwani, nikamwangalia tu. Ilikuwa Jumamosi, na Joel anasugua baiskeli. Sikumsogelea nisije nikamkatiza. Jikoni niliona chupa ya mafuta ya alizeti iko wazi na imepungua, nikaifunika, nikasema labda Devota alikaanga mayai. Furaha nayo ina upofu wake.

Kule mlimani upepo ulikuwa ule ule. Zahanati haina paa siku hizi, mbuzi ndio wagonjwa. Tulishusha baiskeli kwenye ukingo wa mteremko wenyewe, Nurdini akaishika, na hapo ndipo Joel aligoma.

"Mama," akaniambia kwa upole, "wewe kaa nyuma. Mimi ndiye mwenye baiskeli. Kijana gani anaendeshwa na mtu mzima?"

Nilijua akishika usukani atasahau katikati ya mlima anakwenda wapi. Nikatumia ile shikamoo yake. Nikakunja uso, nikasema, "Kijana, umeniamkia asubuhi au hukuniamkia?"

"Nimekuamkia, mama."

"Basi mkubwa akisema kaa nyuma, unakaa nyuma. Au kwenu Kongwa hamfundishwi?"

Akapanda kwenye keria, mnyonge, akashika nguo yangu kwa vidole viwili kama anavyomshika mtu asiyemjua. Nurdini aligeuka akacheka pembeni. "Mbukwenyi!" akatuaga kwa neno la salamu, maana Kigogo chake ni cha kuombea kura, akaachia.

Tukashuka. Mwanzoni niliiacha iteremke yenyewe, nilitaka upepo umfikie. Ulimfikia. Nilihisi vile vidole viwili vinakuwa mkono mzima, halafu mikono miwili kiunoni. Mbuzi wakakimbia. Nikapiga kengele. Nyuma yangu Joel akaanza kuimba sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya, na mimi nikaishika ya kwanza, na tulikuwa tunakwenda mbio kuliko nilivyokusudia. Nikaweka kidole kwenye breki, nikagusa.

Hakuna kitu.

Nikaongeza. Baiskeli ikalia, mlio wa ng'ombe aliyetenganishwa na ndama, lakini mwendo ni ule ule. Nikabana kwa vidole vyote, mikono yote miwili, yabisi iume inavyotaka. Ikazidi kulia. Halafu nikaisikia harufu, juu ya mlima wa Haneti, harufu ya maandazi. Mafuta ya alizeti yanakaangika kwenye chuma cha moto. Nikaelewa yote kwa mara moja, chupa iliyo wazi, kitambaa, Jumamosi. Alikuwa amezipaka sahani zote mbili, hakuacha tundu hata moja.

Kona ilikuwa mbele, na mwamba wake umekaa pale pale. Nilifungua kinywa nimwite Mungu, lakini nyuma yangu sauti ikanitangulia. Si sauti ya mzee anayeamkia. Sauti ya kijana wa Kongwa.

"Raheli, mguu!"

Sijui kama mnanielewa. Tulikuwa tunakwenda kufa na mimi nilifurahi. Nilisikia jina langu na nikafurahi, na hapo hapo nikakumbuka kwamba mimi niko mbele, mguu wangu haufiki.

"Ni wewe uko nyuma!" nikapiga kelele. "Mguu, Joel! Weka mguu!"

Sekunde moja hakuna kitu. Halafu baiskeli ikashtuka, ikasikika sauti ya raba kwenye raba, na moshi wa katambuga ukanipita usoni. Alikandamiza kwa mguu wa seremala, mguu uliokuwa unashikilia magogo yasisogee. Tukapungua, tukayumba, tukaingia kwenye majani pembeni ya mwamba na kusimama pale pale tulipokuwa tunasimama, baiskeli imelala kidogo, sisi wima.

Nilishuka. Sahani zilikuwa zinatoa kamvuke, mafuta yametiririka mpaka kwenye spoku. Sasa mimi hasira zangu mnazijua. Hofu ikinitoka, hasira huingia. Nikageuka nimpe maneno, nimwambie ungetuua, nani amekutuma kugusa mafuta yangu ya jikoni, na maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Joel alikuwa ananitazama. Kilemba changu kilikuwa kimepeperuka huko juu, na nywele zangu zote nyeupe ziko nje. Nilingoja shikamoo.

"Raheli," akasema.

"Abee."

Akaja akanishika uso kwa viganja viwili, vinanuka alizeti. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na lawama. "Mbona umechelewa hivi? Nakuja kila siku. Naosha baiskeli, naipaka mafuta, nafika, hupo. Naambiwa yupo mama mmoja tu. Ulikuwa wapi?"

Yale maneno ya ukali niliyokuwa nimeyaandaa, sijui yalikwenda wapi.

"Nilikuwa natafuta breki, mume wangu," nikamwambia. "Nisamehe. Nilizunguka sana."

Juu yetu Nurdini alikuwa anakuja mbio, anaanguka, anainuka, kofia mkononi, anaita majina ya Mungu yote anayoyajua. Alipotufikia alitupapasa mabega kuhakikisha tu wazima, kisha akachuchumaa kwenye gurudumu. Akanusa. Akapitisha kidole kwenye sahani, akakitazama, akasimama ameiva kwa hasira.

"Nilisema mara mbili! Nani kapaka hizi diski mafuta?"

Joel akanishika mkono, akajificha kidogo nyuma ya bega langu.

"Mimi," nikasema. "Nilitaka ing'ae."